Kofia haizuii ubongo kutikisika: kwa wazazi wa watoto wanaocheza hoki ya barafuni

Mzazi aliyekulia Bukavu au Mombasa na sasa anaishi Edmonton, Kanada, mtoto akimletea fomu ya kujiunga na timu ya hoki, swali lake la kwanza kwetu huwa ni kofia: ipi ni imara zaidi? Swali zuri, ila jibu letu huwakera wengi. Kofia imetengenezwa ili fuvu lisipasuke, na kazi hiyo inaiweza. Ubongo wenyewe unaelea ndani ya maji yake, na mwili ukisimamishwa ghafla, ubongo huendelea na safari mpaka ugonge fuvu. Hakuna kofia, hata ya bei gani, inayouzuia kabisa usitikisike.

Kinachopunguza mitikisiko ni kupunguza vikumbo. Kwenye hoki ya wakubwa, kumpiga kikumbo mwenye paki (kile kisahani kigumu cha mpira) ni halali. Kwa watoto, mjadala ulikuwa waanze wakiwa na umri gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wachezaji 2,154 wa miaka 11 na 12 katika majimbo mawili ya Kanada: Alberta, ambako vikumbo viliruhusiwa, na Quebec, ambako vilikatazwa. Hatari ya mtikisiko wa ubongo kwa watoto wa Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wenzao. Marekani iliondoa vikumbo kwa umri huo mwaka 2011, Kanada nzima ikafuata 2013, na Alberta ikashuhudia mitikisiko ikipungua kwa zaidi ya nusu. Si ajabu. Katika umri huo mmoja ameshavunja sauti na kurefuka, mwenzake bado kitoto, na wote wako timu moja. Hata baada ya miaka 13, sehemu nyingi zina ligi zisizo na vikumbo. Ulizia, mtoto hapungukiwi na kitu akicheza huko.

Ukuta wa uwanja unanitisha zaidi. Oktoba 1995 Travis Roy, kijana wa miaka 20, aliingia mchezo wake wa kwanza katika timu ya Chuo Kikuu cha Boston. Sekunde 11 baadaye alikosea kumkumba mpinzani, akaparamia ukuta kwa kichwa, akapooza kuanzia shingoni hadi alipofariki mwaka 2020. Shingo kwa kawaida ina mpindo kidogo unaoisaidia kunyumbulika. Ukiinamisha kichwa, pingili zake hupangana wima kama matofali, na kishindo chote huzishukia moja kwa moja. Kwa hiyo mtoto afundishwe, na arudie mpaka izoeleke: ukiona unakwenda ukutani, inua uso, jigeuze, tanguliza bega au nyonga. Anayemkuta mwenzake amempa mgongo hatua mbili kutoka ukutani amwache. Timu nyingi hushona alama nyekundu ya kusimama mgongoni mwa jezi kwa sababu hiyo hiyo.

Kinga ya shingo sina haja ya kuieleza sana. Adam Johnson, mchezaji wa hoki, alifariki Sheffield, Uingereza, Oktoba 2023, baada ya kukatwa shingoni na makali ya kiatu cha kutelezea. Marekani ililazimisha kinga hiyo kwa watoto kuanzia Agosti 1, 2024. Kanada ilikuwa imeshailazimisha tangu zamani. Angalia tu kama mtoto haivuti chini kwa sababu inamwasha.

Nyumbani kwetu kuna neno "jikaze". Kwa jambo hili liwekwe kando. Mwaka 2013 Rowan Stringer, msichana wa Ottawa mwenye miaka 17, alifariki baada ya kuendelea kucheza raga huku ubongo ukiwa bado haujapona pigo la awali. Jimbo lake la Ontario likatunga sheria ya mitikisiko ya ubongo michezoni yenye jina lake mwaka 2018. Mtoto aliyegongwa kisha akawa mzito wa kujibu, ana kizunguzungu, kichwa kinauma au mwanga unamkera, atoke barafuni na asirudi siku hiyo, hata fainali ikiwa imebaki dakika mbili. Apumzike siku moja au mbili bila kufungiwa gizani, matembezi mepesi ni sawa, kisha arudie mchezo hatua kwa hatua, kila hatua angalau siku nzima. Masomo yakae sawa kwanza, na vikumbo visubiri ruhusa ya daktari.

Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia au akipata degedege, piga 911. Na aliyeanguka akasema hahisi miguu asiinuliwe wala kuvuliwa kofia. Aachwe hapo hapo, mtu mmoja amshike kichwa kisisogee, wengine wavue makoti wamfunike, maana barafu hiyo ni baridi na gari la wagonjwa litachukua muda.