Kasino za Melini: Umri wa Mchezaji Hukaguliwa Zaidi Gatini Kuliko Mlangoni

Mzazi anayepanda meli ya kitalii pamoja na watoto katika bandari za Miami au Fort Lauderdale hupewa kadi ndogo kwa kila msafiri, na kwa kawaida huizoea kabla jua halijatua. Kadi hiyo hufungua mlango wa chumba, hulipia soda na bidhaa za dukani, humtambulisha abiria anaposhuka na kurudi melini, na katika meli nyingi ndiyo inayochomekwa kwenye mashine ya kamari. Makala haya yanaeleza umri unaoruhusiwa katika kasino za meli, mamlaka inayouweka, na namna unavyothibitishwa. Tunayaandika hasa kwa ajili ya familia zinazosafiri na vijana wa miaka 15 hadi 20, kwa kuwa huo ndio umri ambao kanuni za nyumbani, za bandari na za melini hugongana.

Mamlaka juu ya meli huanza na bendera. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaeleza kwamba meli iliyo katika bahari kuu huwa chini ya mamlaka ya nchi ambayo bendera yake inapeperushwa, na meli nyingi kubwa zinazoondoka Florida zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, si Marekani. Mkataba huohuo unairuhusu nchi ya pwani kuwa na bahari yake ya kitaifa hadi maili 12 za baharini, yaani takriban kilomita 22 kutoka pwani. Ndiyo sababu abiria hukuta kasino imefungwa meli inapokuwa gatini na kuisikia ikifunguliwa baada ya nchi kavu kupotea machoni. Marekani ina sheria yake ya mwaka 1951 kuhusu mashine za kamari, ijulikanayo kama Johnson Act, na nchi nyingine za pwani zina zao. Bermuda ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuziruhusu kasino za meli kufunguliwa usiku hata zikiwa bandarini, ilhali meli ya Pride of America, ambayo huzunguka visiwa vya Hawaii ambako kamari ni marufuku, haina kasino kabisa.

Umri wenyewe, hata hivyo, kwa sehemu kubwa huwekwa na kampuni ya meli. Royal Caribbean, Carnival na Norwegian huruhusu kucheza kuanzia miaka 18, na baadhi ya kampuni hupandisha umri huo hadi 21 katika safari za Alaska. Disney haina kasino katika meli zake. Ukiyapima maamuzi haya kwa sheria za nchi kavu, utaona jinsi kijana anavyoweza kuchanganyikiwa. Msichana wa miaka 19 hawezi kucheza ruleti, kamari ya gurudumu, katika kasino ya Seminole Hard Rock, iliyo kilomita chache tu kutoka gati la Port Everglades huko Fort Lauderdale, kwa sababu hapo umri wa mchezo huo ni 21. Akipanda meli katika gati hilo, saa chache baadaye anaweza kuketi kwenye meza ya ruleti bila kuvunja kanuni yoyote, ingawa mhudumu wa baa iliyo hatua kumi kutoka hapo atamnyima bia, kwa kuwa umri wa pombe katika safari zinazoanzia Marekani kwa kawaida ni 21. Kwetu Afrika Mashariki pia umri hutofautiana sana: Tanzania ni miaka 18, lakini Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha, imeweka 25. Mganda wa miaka 22 aliyekatazwa Kampala atakaribishwa melini kama mteja wa kawaida.

Tofauti nyingine ni nzito zaidi kuliko namba hizo. Nyuma ya kasino ya Dar es Salaam ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, yenye uwezo wa kutoa leseni, kuisimamisha na kusikiliza malalamiko. Abiria wa meli hana bodi ya namna hiyo ya kuikimbilia katikati ya bahari. Alichonacho mkononi ni mkataba wa tiketi, ambao watu wengi huukubali kwenye simu bila kuusoma, na ndani yake ndimo kampuni inapojipa haki ya kuweka umri, kuubadilisha kwa safari fulani, na kumshusha abiria aliyekiuka. Kwa hiyo kanuni ya umri isomwe kwenye mkataba wa safari husika, wala si kwa kumuuliza ndugu aliyesafiri mwaka jana na kampuni nyingine.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Kazi kubwa ya kuthibitisha umri hufanyika gatini, siku ya kupanda. Afisa hupokea pasipoti na kuipitisha kwenye kifaa kinachosoma mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyo chini ya ukurasa wa picha. Ndani ya mistari hiyo tarehe ya kuzaliwa huandikwa kwa mpangilio mmoja duniani kote, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ikifuatwa na tarakimu ya kuhakiki inayosaidia kugundua kosa la usomaji. Abiria hupigwa picha, na picha hiyo huunganishwa na kadi yake. Kuanzia hapo, mfumo wa meli unajua ni nani ana miaka mingapi, na mhudumu wa kasino hategemei tena pasipoti iliyofungiwa chumbani. Hutegemea kile ambacho gati limekwisha kuandika.

Hapo ndipo makosa ya tarehe hupata uzito. Watu wetu wamezoea kuandika siku kabla ya mwezi, ilhali fomu za Marekani hutanguliza mwezi. Mzazi anayejaza taarifa za safari mtandaoni na kuandika 04/09 akikusudia tarehe 4 Septemba amemfanya mwanawe, kwa hesabu ya mfumo, azaliwe tarehe 9 Aprili. Kwa kijana anayekaribia miaka 18, miezi mitano hiyo inaweza kumfungulia mlango ambao ulipaswa kuwa umefungwa, au kumfungia yule anayestahili, iwapo kosa halitagunduliwa hati zinapolinganishwa gatini. Andiko la mtandaoni lilinganishwe na pasipoti herufi kwa herufi kabla ya kutumwa.

Lipo pia jambo linalowagusa sana wenzetu waliofika Amerika Kaskazini kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Wengi waliosajiliwa kambini bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari, na wakati mwingine hata mwaka wenyewe ulikuwa wa kukadiria. Kijana wa namna hiyo anaweza kuwa mkubwa au mdogo kuliko hati zake, na familia yake inajua hivyo. Meli haiwezi kufuata simulizi ya familia, itafuata hati. Ikiwa hati inasema 17, kijana huyo ni wa miaka 17 kwa muda wote wa safari, hata kama mama yake anakumbuka vyema msimu wa mvua aliozaliwa. Ikiwa hati inasema 18 na mzazi anajua kwamba bado ni mtoto, basi hakuna mhudumu atakayemzuia, na kizuizi pekee kilichobaki ni mzazi mwenyewe. Tunalitaja hili kwa heshima na bila lawama kwa yeyote, kwa sababu hatukuliona likielezwa mahali pengine ilhali madhara yake ni ya kweli.

Kwa raia wa Marekani wanaosafiri na kurudi kwenye bandari ileile, mtoto aliye chini ya miaka 16 anaruhusiwa kupanda kwa cheti cha kuzaliwa peke yake, hati isiyo na picha. Picha inayopigwa gatini ndiyo inayoziba pengo hilo, na inafaa mzazi ahakikishe kwamba kila mtoto amepigwa picha kwa jina lake, hasa ndugu wanaofanana.

Baada ya ukaguzi huo wote, udhaifu mkubwa unaobaki ni kadi kubadilishana mikono. Mlinzi wa lango la meli huona picha ya abiria kwenye skrini kila anapotoka na kuingia, na kwenye meza ya karata mgawaji huwa ana kwa ana na mchezaji, hivyo ana nafasi ya kumtazama usoni na kuomba kitambulisho. Mashine ya sloti haina macho hayo. Huisoma kadi iliyochomekwa, na kadi ya baba aliyelala chumbani ni halali hata ikichomekwa na bintiye wa miaka 16. Kampuni nyingi huweka namba ya siri kabla ya fedha kuhamishwa kutoka akaunti ya chumba, na kinga hiyo ni nzuri, isipokuwa pale ambapo namba yenyewe ni mwaka wa kuzaliwa wa mama ambao nyumba nzima inaujua. Mashine nyingi hupokea pia noti za dola moja kwa moja. Hapo kinachobaki ni kamera na wafanyakazi wanaozunguka ukumbini, ambao usiku wa kwanza wa safari huwa na mamia ya nyuso ngeni za kuzipima kwa macho.

Maoni yetu ni kwamba kampuni zinaweza kufanya zaidi. Katika meli nyingi kasino imewekwa kwenye njia kuu, kati ya ukumbi wa maonyesho na migahawa, ili kila abiria apite katikati ya taa na sauti zake, na watoto huruhusiwa kupita mradi wasisimame. Huo ni uamuzi wa kibiashara, na unamweka mtoto wa miaka 12 mita moja kutoka kwenye mashine mara nne kwa siku. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa kamari kama ugonjwa katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022, na sehemu za ubongo zinazozuia pupa huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa meli inayojiuza kama mahali pa familia, mlango unaofungwa na mhudumu anayesimama hapo si gharama kubwa.

Mtoto akikamatwa akicheza, kwa kawaida ushindi wake hautalipwa, mzazi ataitwa, na mkataba unaweza kuiruhusu kampuni kuishusha familia katika bandari inayofuata kwa gharama zake yenyewe. Fedha zilizopotea kwa kadi ya mzazi ni vigumu kurudishwa, kwa sababu mkataba humfanya mwenye kadi awajibike kwa matumizi yote.

Kijana anayetimiza miaka 18 safari ikiwa inaendelea asiende moja kwa moja kasino, kwani mfumo unaweza kuwa bado unamhesabu kwa umri wa siku ya kuondoka. Aende kwenye dawati la huduma kwa abiria akiwa na pasipoti na aulize kama kampuni hiyo hubadilisha kumbukumbu. Mzazi naye anaweza kwenda kwenye dawati hilohilo siku ya kwanza na kuomba matumizi ya kasino yazuiwe kwenye akaunti ya chumba, kisha aangalie hesabu kila jioni na si asubuhi ya kushuka, maana malalamiko kuhusu tozo hushughulikiwa kwa urahisi zaidi akaunti ikiwa bado wazi.