Shehena hatari: tarakimu 4 zilizo ubavuni mwa behewa

Pale Kibos, kabla reli haijaingia Kisumu, mama aliyeanika omena juu ya gunia akisikia honi hulivuta kando, treni ya mizigo ikapita, akalirudisha. Macho yake yako kwenye magurudumu. Natamani angetazama pia ubavu wa behewa.

Shehena hatari ni mzigo ambao ukivuja, ukimwagika au ukishika moto unaweza kudhuru watu, mali au mazingira. Petroli na gesi ya kupikia tunazijua, ila zimo pia asidi, klorini ya kutibu maji, baruti, hata baadhi ya mbolea. Umoja wa Mataifa umeigawa mizigo hii katika makundi 9, na kila aina ikapewa namba ya tarakimu 4. Petroli ni 1203, dizeli 1202, mafuta ya taa 1223, klorini 1017. Namba hizo hazibadiliki, uwe Mombasa au London. Katika nchi nyingi huandikwa kwenye kibao cha rangi ya chungwa, na juu yake kuna namba nyingine inayotaja aina ya hatari. Hiyo ya juu ikitanguliwa na herufi X, mzigo huo haupatani na maji kabisa: ukiguswa na maji huzua hatari.

Wengi hudhani behewa tupu ni salama. La hasha. Tangi lililoshushwa petroli hubaki na mvuke, na kinachowaka ni mvuke, si petroli yenyewe. Ukichanganyika na hewa kwa kiasi fulani, cheche moja yatosha. Tena ni mzito kuliko hewa: haupandi juu, hutambaa mtaroni mpaka kwenye jiko la makaa la mchoma mahindi.

Mbona basi treni ipite katikati ya watu? Kwa sababu reli ilitangulia. Ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwaka wa 1901, na mji ukakua kuizunguka. Nakuru vivyo hivyo. Na kutoka Mau Summit njia hii huteremka hadi ziwani. Mteremko ndio ulioiponza Lac-Mégantic, Kanada, Julai 2013: treni ya mafuta ghafi iliyoegeshwa mlimani bila dereva, breki zikashindwa kuizuia, ikaporomoka hadi katikati ya mji. Watu 47 walikufa.

Sisi tunaikumbuka Sachangwan, karibu na Molo, mwaka wa 2009. Lile lilikuwa lori la petroli lililopinduka, si treni, lakini petroli ni ile ile. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa.

Kwa hiyo behewa likianguka, usikaribie na usiwashe pikipiki. Wachukue watoto, panda mahali palipoinuka, upande unakotoka upepo. Kama namba inasomeka kutoka huko mbali, piga 999, taja mahali, kisha isome tarakimu moja moja.