Mkataba wa mwaka mmoja si wa kila mtu: marekebisho ya 2025 kwa mwajiri wa Tanzania

Tangu marekebisho ya sheria za kazi yaanze kutumika mwanzoni mwa 2025, waajiri wengi wananiuliza swali lilelile: "Kwa hiyo sasa naruhusiwa kumpa kila mtu mkataba wa mwaka mmoja?" Hapana, huruhusiwi. Nalisema hili mapema kwa sababu naona watu wanachapa mikataba mipya wakidhani wanakwepa migogoro, kumbe wanaitafuta.

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kilikuwa kinatambua mikataba ya aina tatu: usio na kikomo, wa kazi maalumu, na wa muda maalumu, huu wa mwisho kwa wataalamu na kada ya menejimenti tu. Dereva, mlinzi na mtunza stoo hawakuwemo, ingawa mafaili ya ofisi nyingi nilizopitia yamejaa mikataba yao ya mwaka mmoja mmoja. Sasa mlango umepanuliwa. Umefika kwenye kazi za msimu, kazi zilizoongezeka kwa muda, na miradi mahususi. Ukitazama vizuri utaona kwamba hapo kazi yenyewe ndiyo yenye mwisho. Stoo inayofunguliwa kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, haigeuki kuwa kazi ya msimu kwa kuwa tu karatasi imesema hivyo. Ukitumia mlango huu, andika sababu ndani ya mkataba: msimu gani, mradi upi, unaisha lini.

Kuna faili moja niliyoletewa ambayo sijaisahau. Mtunza stoo, mikataba minane ya mwaka mmoja, yote imebanwa kwa pini moja, maneno yaleyale na tarehe tu zikibadilika. Wa nane ulikuwa umeisha miezi miwili nyuma. Mfanyakazi bado anaingia kazini, anasaini daftari la mahudhurio, analipwa. Mwajiri anataka kumwambia "mkataba wako umeisha, asante." Nilimkatalia. Mfanyakazi akiendelea na kazi baada ya tarehe ya mwisho na wewe ukanyamaza, mkataba unahesabika umeendelea. Na hata kama ungemwondoa siku ileile, Kifungu cha 36 kinasema kutomwongezea mkataba mtu mwenye matarajio ya msingi ya kuongezewa ni kumwachisha kazi. Mikataba minane mfululizo inampa msingi mzito wa kudai matarajio hayo. Akienda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30 na kuonyesha msingi huo, mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa halali ni wako, si wake.

Ndiyo maana nasisitiza kalenda. Afisa rasilimali watu awe na orodha ya tarehe za kuisha mikataba, na uamuzi ufanyike kwa maandishi kabla ya tarehe, si baada yake. Wakuu wa idara nao waache kuahidi mdomoni, "usijali, mwakani tupo pamoja." Sentensi hiyo ni ushahidi.

Dharura pia imepata nafasi: mfanyakazi anaweza kuomba likizo isiyo na malipo, hadi siku 30. Weka fomu yake, usiichanganye na likizo ya mwaka.

Lakini badiliko linalonigusa zaidi ni la mama aliyejifungua mtoto njiti. Muda kati ya kujifungua na siku ambayo mimba ingekomaa hauhesabiwi tena ndani ya zile siku 84 (au 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja). Baba wa mtoto njiti naye anapata siku 7 badala ya 3. Tatizo ninalokutana nalo ni mfumo wa mishahara: ukiingiza tarehe ya kujifungua, unahesabu 84 palepale na kutoa barua ya kurudi kazini mtoto akiwa bado amewekwa kifuani kwa mama kwa njia ya kangaruu. Mwambie anayeuendesha aongeze sehemu ya pili, tarehe ya makadirio ya kujifungua iliyo kwenye kadi ya kliniki, na siku 84 zianze kuhesabiwa kuanzia hapo.