Karai moja, viwango viwili

Wiki iliyopita, kwenye jengo la serikali hapa Tanga, saidia fundi mmoja alinisimamisha na karai la zege begani. "Injinia, hii kazi si ya serikali? Mbona wale wa upande ule wanatuzidi malipo?" Mimi ni mkadiriaji majenzi, mpiga hesabu za gharama za ujenzi, lakini saiti kila mwenye kofia nyeupe ni injinia.

Kima cha chini cha ujenzi kwetu hufuata daraja la mkandarasi (la kwanza ndilo la wakubwa kabisa), si ujuzi wa fundi. Amri ya Mishahara ya 2013, kwa mfano, iliweka Sh 325,000 kwa mwezi kwa daraja la kwanza, 280,000 kwa la pili hadi la nne, na 250,000 kwa la tano hadi la saba. Viwango vimeshapanda tangu hapo. Sasa mkandarasi mkubwa akimpa mdogo kipande cha ukuta, kama pale saiti, wabeba zege wawili wanaopishana ngazi moja wana vima viwili tofauti.

Marekani wameshika njia nyingine. Kwa Sheria ya Davis-Bacon ya 1931, Wizara ya Kazi hutangaza ujira wa kila fani kwa kila eneo: mwashi wake, seremala wake, fundi bomba wake. Kazi ya serikali kuu ikizidi dola 2,000, mkandarasi analipa kiwango hicho, awe mkubwa au mdogo, na aliyepewa kipande naye hivyohivyo. (Chanzo chake hakikuwa safi, kilikuwa na ubaguzi wa rangi: kelele zilianza pale mkandarasi wa Alabama alipopeleka vibarua weusi kujenga hospitali New York.)

Mimi njia hiyo naipenda kwa sababu ya zabuni. Ukizichambua, saruji na nondo za washindani hazipishani sana, wote wananunua soko lilelile. Panapopunguzwa ni kwenye ufundi. Zipo nilizogawa fedha ya kazi kwa siku za watu, nikakuta hata kima cha chini hakifikiwi, na bado zilishinda kwa kuwa rahisi. Kiwango kikiandikwa ndani ya nyaraka za zabuni, hapo hapakatiki tena. Mkataba namba 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unadai kifungu cha aina hiyo, na Tanzania imeuridhia.

Nilimweleza kijana kwa kifupi, kisha nikamuuliza ameajiriwa na kampuni ipi kati ya zile mbili. Akashusha karai.

"Sijui, injinia. Nyapara ndiye ananilipa jioni."