Bushi za skeiti: yanayosemwa Malindi na yaliyo kweli

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote hapa Malindi ni kwamba bushi, zile pete za chini ya ubao wa skeitibodi zinazousaidia kupinda na kurudi, ni bushi tu, na ubao ukiyumba dawa yake ni kukaza nati inayozibana. Kijana ananunua skeitibodi ya mtumba, jua likipoa anatoka nayo kwenye lami ya Casuarina, ubao unakwenda mrama, anatafuta spana na kukaza mpaka mkono unamuuma. Kwa muda ubao unatulia kweli. Lakini hebu inama uiangalie bushi yenyewe: imevimba kiunoni, imetokeza nje ya wosha, na haitachukua muda kabla hujaona ufa pale ilipobanwa.

Bushi ni vile vipande viwili vya poliyurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, vinavyovikwa kwenye kingipini, yaani boliti kuu ya traki, kile chuma kinachoshika magurudumu chini ya ubao. Kimoja hukaa upande wa ubao na kingine upande wa barabara, na katikati yao iko hanga, mkono wa chuma unaobeba magurudumu. Ukiegemea, hanga inainama na kuziminya upande mmoja. Ukisimama wima, zinaisukuma irudi na magurudumu yananyooka. Sasa bushi iliyokwisha kuminywa na nati ina nafasi gani tena ya kuminywa na mwili wako? Nati kazi yake ni kushikilia tu. Kaza mpaka wosha ziache kuzunguka kwa vidole, ongeza nusu mzunguko au mmoja, basi. Ukiona bado hautulii, unahitaji bushi ngumu zaidi.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Bushi ya 78A ni laini, ya 90A ni ya kati, na kuanzia 95A ni ngumu. Wengi huamini kwamba ngumu ndiyo bora kwa kuwa haichakai upesi, na wazazi ndio huangukia hapo zaidi wakimnunulia mtoto. Mtoto wa kilo 35 hawezi kuiminya 95A. Ubao utakwenda moja kwa moja kama reli, na ataonekana hajui kumbe kifaa ndicho kinachomkatalia. Bodi za bei ya chini kabisa huja hata na vipande vya plastiki ngumu badala ya poliyurethani. Kwa upande mwingine, mtu wa kilo 85 akipanda 78A, gurudumu linaweza kugusa ubao kwenye kona, likakwama papo hapo na kumrusha mbele. Kwa skeitibodi, aliye chini ya kilo 60 aanze na bushi za themanini na kitu, wa kilo 60 hadi 80 ajaribu karibu na 90, mzito zaidi apande juu. Hapo ni pa kuanzia. Mengine utayasikia miguuni. Ukitaka kuchanganya, ile ngumu zaidi iweke upande wa ubao, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

Linalowatia watu hasara ya pesa, hata hivyo, ni kimo. Mtu anaagiza bushi kutoka Nairobi au Mombasa akiamini kwamba maadamu ni za skeitibodi zitaingia. Tundu litaingia, maana kingipini za skeitibodi nyingi zina unene wa inchi 3/8. Lakini kimo hutofautiana toka traki hadi traki: ya upande wa ubao mara nyingi hukaribia milimita 15, na ya upande wa barabara huwa fupi zaidi. Zikizidi hata milimita mbili, nati haifiki mwisho wa safari yake. Ule mviringo wa nailoni ndani ya nati haung'ati uzi, na mtikisiko wa kabro utaifungua polepole bila wewe kujua. Zikipungua, hanga inacheza na ncha yake inakipiga kile kikombe cha plastiki kinachoipokea mpaka kinatoboka. Upana nao utazame, kwa sababu bushi nene kuliko kikalio chake kwenye hanga haikai sawa.

Unapopima, usiiamini bushi kuukuu. Imelala miaka chini ya nati na imefupika, kwa hiyo ukiagiza kwa kimo chake utaletewa fupi. Tafuta kipimo cha traki kutoka kwa aliyeitengeneza, au linganisha na nyingine ya aina hiyo hiyo ambayo haijatumika sana.

Kuhusu umbo sina mengi. Ya silinda hutulia zaidi, ya koni hukata kona kwa wepesi, na traki nyingi huja na silinda upande wa ubao na koni upande wa barabara. Anza na hayo.

Kukata ndara au tairi na kutoboa tundu? Sponji ya ndara hulala ikiminywa na hairudi. Tairi lina nyuzi ndani na halikatiki kwa kimo kimoja pande zote, hivyo ubao utavuta upande mmoja daima.

Na spana. Spana 14 ya fundi wa bodaboda haiingii kwenye nati ya kingipini. 15 inaingia lakini inacheza, na kwa nati iliyoshikwa na kutu ya hewa ya bahari, pembe zinalika mara moja. Skeitibodi nyingi hufuata inchi: nati hiyo ni 9/16, yaani karibu milimita 14.3. Nati ya gurudumu ni nusu inchi, na hapo 13 inakubali.

Wenye viatu vya magurudumu manne wasitumie vipimo vya ubao. James Plimpton alipopata hataza ya kiatu kinachopinda kwa kuegemea, New York mwaka 1863, alitumia mto wa mpira kukirudisha, na kazi ni ile ile hadi leo. Ila kwenye kiatu kingipini na bushi zake mara nyingi ni ndogo, ziko nane kwa jozi, na kifundo cha mguu ndicho kinachozisukuma. Kwa hiyo wengi hushuka kwenye ulaini kuliko wanaotumia ubao wa uzito huo huo. Wale wa viatu vya magurudumu ya mstari mmoja hawana bushi kabisa, wasiuziwe.

Bushi mpya huwa kavu na nzito siku za kwanza. Usidhani ni mbovu, wala usizipake mafuta ya pikipiki. Zipande jioni kadhaa, kisha iguse nati tena. Na usiache kiatu ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana joto huilainisha poliyurethani na utapima ugumu usio wake.