Kinga iliyonolewa: kwa nini chanjo ya maradhi haya huweza kumlinda mnyama na maradhi yale

Mzee mmoja wa Konde, huku kaskazini ya Pemba, ana mbwa wanaomlindia shamba na kima. Siku walipochanjwa kichaa cha mbwa aliniuliza: "Mwanangu, hii sindano inazuia na kuharisha? Maana wale waliochanjwa mwaka jana, sijazika hata mmoja." Nikamjibu upesi kuwa chanjo ya kichaa ni ya kichaa tu. Ndivyo tulivyosomeshwa. Lakini jibu lile lilikuwa pungufu, na suali la mzee lilistahili zaidi.

Tuanze na tunachokijua sote. Chanjo huuonesha mwili sura ya kijidudu kimoja, kikiwa kimeuliwa au kimedhoofishwa. Mwili unatengeneza kingamwili, yaani silaha za kukishika kijidudu hicho, na kuiweka sura yake katika kumbukumbu. Kikija cha kweli, kinakuta kinangojewa. Kumbukumbu hii inachagua sana: kuku aliyetiwa tone la chanjo ya kideri jichoni hana habari na ndui ya kuku.

Kuna pale vijidudu viwili vinapokuwa ndugu, na chanjo ya mmoja ikamzuia mwengine. Virusi vya sotoka ya ng'ombe ni jamaa wa karibu wa virusi vya sotoka ya mbuzi na kondoo. Chanjo ya ng'ombe aliyoitengeneza daktari wa mifugo Walter Plowright pale Muguga, Kenya, ilitumika miaka mingi kuwakinga mbuzi pia, kabla sotoka ya ng'ombe haijatangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani. Hiyo tuiite kinga mtambuka, na haina ajabu kubwa, kwa kuwa sura za ndugu hufanana.

Ajabu ni pale vijidudu visipokuwa na udugu wowote. Hapo ndipo linapokuja neno la leo, kinga iliyonolewa, dhana ambayo mtafiti Mihai Netea na wenzake waliipa jina mwaka 2011. Mbali na kingamwili, kila mnyama anazaliwa na walinzi wa mwanzo, seli nyeupe za damu zinazomeza chochote kigeni bila ya kuuliza jina. Zamani ilidhaniwa seli hizi hazijifunzi kitu. Zinapigana leo na kesho zinaanza upya. Imeonekana sivyo. Baada ya baadhi ya chanjo, vinasaba vyao havibadiliki, lakini namna vinavyofunguliwa na kufungwa ndani ya seli hubadilika. Sehemu zinazohitajika vitani zinabaki wazi nusu, kama mlango ulioegeshwa. Adui yeyote akija, seli inaamka haraka na kwa nguvu zaidi.

Mtu atauliza: seli hizi huishi siku chache tu, vipi athari ikae miezi? Majaribio ya panya yalionesha kuwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, inafika hadi kwenye uboho wa mifupa, kwa seli mama zinazozalisha walinzi hao. Wanaozaliwa baadaye wanatoka wakiwa wameshanolewa.

Hiyo BCG yenyewe, ambayo watoto wetu huchomwa mkononi kwa ajili ya kifua kikuu, asili yake ni kijidudu cha ng'ombe. Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walikidhoofisha kwa miaka 13, na mtoto wa kwanza akapewa mwaka 1921. Ushahidi ulionishika mimi ni wa panya waliozaliwa bila ya uwezo wa kutengeneza kingamwili wala kumbukumbu ile ya kawaida. Walipopewa BCG kisha wakaambukizwa fangasi, ambaye hana uhusiano wowote na kifua kikuu, walistahamili kuliko wenzao. Kumbukumbu ya sura haikuwepo, kwa hivyo iliyowaokoa ilikuwa kinga ya kuzaliwa nayo.

Na mbwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka kijiji kimoja cha Afrika Kusini ulilinganisha mbwa waliochanjwa kichaa na wasiochanjwa. Kwa wa miezi mitatu kurudi chini, vifo vya kila sababu vilikuwa pungufu kwa asilimia 56. Kwa wa miezi 4 hadi 11 ni asilimia 44, na kwa wakubwa 16. Kichaa peke yake hakiwezi kueleza tofauti kubwa namna hiyo. Hata hivyo mbwa hawa hawakugawiwa kwa kura; huenda anayempeleka mbwa wake kuchanjwa ndiye pia anayemlisha vizuri. Tena chanjo ya kichaa ni ya virusi vilivyouliwa, na ushahidi wenye nguvu zaidi wa kunoa kinga unatokana na chanjo zilizo hai. Kwa hiyo mimi nayachukua matokeo yale kuwa dalili nzuri, si hukumu.

Athari hii, hata pale inapokuwepo, hupunguza makali tu. Haishiki nafasi ya chanjo ya ugonjwa wenyewe, wala ya dawa ya minyoo, ambayo kwa kijibwa anayeharisha ndiyo ya kuifikiria mapema.

Pemba tunajua chanjo ya kichaa inafanya nini katika kazi yake ya asili. Kampeni za kisiwa kizima zilikimaliza kichaa mwaka 2014. Kikaingia tena katikati ya 2016, mbwa wakachanjwa tena, na kufikia Oktoba 2018 kikaondoka. Watu wengi, hata hivyo, huwaacha vijibwa nyumbani wakisema bado wadogo, na Shirika la Afya Duniani linataka na hao waletwe. Ni umri uleule ambao kule Afrika Kusini tofauti ilikuwa kubwa kuliko yote.

Nilirudi Konde nikamueleza mzee haya. Safari iliyofuata alikuja na vijibwa vinne ndani ya pakacha.