Betri mbili kwenye gari la kambi: tunavyoamini na ilivyo

Asubuhi moja Seronera, katikati ya Serengeti, nilipiga starta ya Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Ikajibu tik-tik-tik, kisha kimya. Friji ilikuwa imefyonza umeme usiku kucha. Kambi ile haina uzio na simba walikuwa wamenguruma jirani hadi alfajiri, kwa hiyo habari ya kushuka tusukume gari haikuwepo. Tulingoja mpaka wenzetu wa hema la pili wakaja kutubusti.

Kilichoniuma ni kwamba gari lilikuwa na betri mbili. Aliyelifunga aliniambia, "Ukiwa na mbili huwezi kulala njiani." Nikamwamini, na ndivyo wanavyoamini wengi. Kumbe alikuwa ameziunga moja kwa moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, bila chochote katikati. Betri zilizoungwa hivyo hushuka pamoja hadi sifuri. Ili ile ya kuwashia injini ibaki salama, lazima kuwe na rilei ya kutenganisha, yaani swichi inayojiunga na kujiachia yenyewe kwa kufuata volti. Altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ikipandisha umeme hadi kama volti 13.3, rilei inaziunganisha na betri zote mbili zinachajiwa. Injini ikizimwa na volti zikashuka hadi karibu 12.8, inazitenganisha. Kujihakikishia ni rahisi: zima injini, washa friji na taa kwa saa moja, kisha pima betri zote mbili kwa multimita. Kama ya injini nayo imeendelea kushuka, hazijatenganishwa.

Dhana nyingine ni kwamba betri ni betri, mradi iwe ya volti 12, basi unanunua N70 mbili yameisha. N70 ni jina la saizi tu. Betri ya starta ina mabamba ya risasi mengi na membamba, ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha altaneta irudishe kile kidogo kilichotoka. Betri ya matumizi ya ndani ina mabamba manene, maana kazi yake ni kutoa ampea chache kwa saa nyingi. Ukiikamua ya starta kila usiku, mabamba yake yanachakaa upesi, na unaishia kumlaumu muuzaji bure.

Halafu kuna hii inayosikika kila gereji: "Inasoma 12, iko vizuri." Hapana! Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imetulia saa kadhaa, inasoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 11.9 imekwisha, hata kama taa bado zinawaka.

Nusu hiyo ndiyo ya kupigia hesabu. Betri iliyoandikwa 100Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa) imepimwa kwa kukamuliwa taratibu kwa saa 20 mpaka mwisho, lakini ukitaka idumu usivuke nusu, yaani 50. Sasa chukua friji ya kompresa inayokula ampea 4 ikiwa inazunguka. Kwenye joto la kwetu inaweza kuzunguka nusu ya muda. Saa 12 mara 4 ni 48. Siku moja imekwisha, na hujachaji simu wala kuwasha taa ya kupikia.

"Nikiendesha saa moja inajaa." Hii ndiyo inayoua betri nyingi kimyakimya. Altaneta hurudisha haraka sehemu kubwa ya chaji, lakini ile asilimia 20 ya mwisho inadai saa kadhaa. Betri isiyojazwa kabisa siku baada ya siku hujenga salfeti ngumu kwenye mabamba, na kila wiki inashika umeme kidogo zaidi. Paneli ya sola juu ya paa inasaidia sana hapa, kwani inamalizia kazi mchana kutwa gari likiwa limeegeshwa.

Kuhusu maji: yakipungua, ongeza yaliyokenekwa, si asidi. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki ndani. Na betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayowaka, kwa hiyo usiifungie chini ya kitanda pasipo na tundu la hewa.

Wanaohamia lithiamu wanadhani ni kuchomoa na kuchomeka. Kweli, unaweza kuitumia zaidi ya asilimia 80 bila kuidhuru. Lakini hukaa karibu volti 13.2 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kwa hiyo vipimo vya hapo juu havikusaidii. Tena inavuta umeme kwa nguvu kiasi cha kuchemsha altaneta, ndiyo maana inahitaji chaja yake kati yake na altaneta.

Land Cruiser ile sasa ina rilei. Kabla ya kupanda hemani ninazima friji kwa dakika chache, ninapima, na nikikuta 12.3 siiwashi tena mpaka asubuhi. Nyama iliyoganda vizuri mchana haiharibiki kwa usiku mmoja.